Gharama Ilimwangukia Nani? Kufundisha Injili kwa Hadithi za Mashujaa wa Filamu

Hotuba kwa walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa vijana, Kampala

Wachungaji wetu, akina mama wa umoja, walimu, na ninyi vijana mnaokaa na watoto wetu kila Jumapili wakati watu wazima wanasikiliza mahubiri: Bwana asifiwe!

Twende kwanza kwenye kibanda cha video, Jumamosi mchana. Mlangoni limetundikwa pazia zito la kuzuia mwanga. Ndani kuna mabenchi ya mbao, televisheni imewekwa juu ili hata wa nyuma waone, na mtoto wa miaka kumi amelipa sarafu yake na kubanana na wenzake. Shujaa yuko Marekani, lakini sauti ni ya hapa kwetu. VJ, yule msimulizi wa filamu kibandani, anatafsiri kwa Luganda, anapandisha sauti, anaonya, anacheka, anamwambia adui "leo umepatikana". Mtoto akitoka humo baada ya saa mbili, muulize. Atakutajia nani alimsaliti nani, silaha ilifichwa wapi, na kwa nini shujaa alilia. Kesho yake asubuhi mwulize mtoto huyohuyo majina ya wanafunzi kumi na wawili wa Yesu, atafika wa nne na kukwama.

Huyo mtoto ana kumbukumbu nzuri sana. Jana alipata msimulizi anayejua kazi yake, na sisi walimu tuna la kujifunza hapo.

Kanisani tumekuwa na majibu mawili kwa jambo hili. La kwanza ni kupiga marufuku: filamu hizo ni za dunia, usiende. Mtoto anaitikia "ndiyo mwalimu", halafu anaenda, na kuanzia siku hiyo hatakwambia tena alichokiona. Jibu la pili linaonekana la kisasa. Mwalimu anasimama mbele ya darasa na kusema: "Mnamjua Superman? Basi Yesu ni Superman wetu." Watoto wanapiga makofi. Mimi naona jibu hili la pili lina hatari kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu mtoto anaondoka akiwa amemwongeza Yesu kwenye orodha ya mashujaa wake, na katika orodha hiyo Yesu anashika nafasi ya chini. Harushi moto machoni. Hainui magari. Alikamatwa bustanini na hakupigana.

Mtume Paulo aliyapitia yote haya. Kule Athene, Matendo 17, alizunguka mji, akazitazama madhabahu zao moja moja, na aliposimama Areopago aliwanukulia washairi wao wenyewe. Hakuwatukana. Alipokea kile walichokuwa wamekiona kwa mbali, kisha akawaambia jambo ambalo washairi wao hawakulijua: kwamba kuna mtu mmoja aliyefufuliwa katika wafu. Lakini sura tatu nyuma, kule Listra, kiwete alipotembea, umati ulipaza sauti kuwa miungu imeshuka kwa mfano wa wanadamu. Barnaba wakamwita Zeu, Paulo wakamwita Herme, na kuhani akaleta ng'ombe na mashada ya maua. Mitume wakararua mavazi yao, wakarukia katikati ya watu wakipiga kelele kwamba wao ni wanadamu tu. Basi Athene inatupa ruhusa ya kutumia hadithi za watu, na Listra inatuonyesha mpaka wa ruhusa hiyo. Hadithi ya nguvu ikiachwa ijiendee, humgeuza mtumishi wa Mungu kuwa Zeu.

Kwa hiyo leo naomba mwondoke na swali moja. Msimtafute Kristo kwenye nguvu za shujaa. Ulizeni: gharama ilimwangukia nani? Kila hadithi ya shujaa ina mahali ambapo wokovu unalipiwa. Hapo ndipo pa kufungulia Biblia.

Tukianzia Marekani tutachelewa. Tuanzie Mbaale ya Mawokota, hapa Buganda, kwa sababu shujaa arukaye angani tunaye tangu kale. Wazee wanasimulia kwamba Kabaka Nakibinge alizidiwa vitani na Banyoro, akatuma watu visiwa vya Ssese kuomba msaada, akapewa Kibuuka. Hata jina lenyewe linatoka kwenye neno la Luganda la kuruka. Kibuuka alipaa, akajificha ndani ya wingu juu ya uwanja wa vita, akawanyeshea adui silaha kutoka huko juu. Adui walianguka bila kujua wanapigwa kutoka wapi. Alikuwa ameonywa: adui wasijue mahali ulipo, na usijihusishe na mwanamke wa mateka. Baada ya ushindi akamchukua mateka wa Kinyoro nyumbani kwake. Usiku ule mwanamke akajua huyu ni nani na anapigania wapi, akatoroka, akawaambia watu wake. Vita iliyofuata, wapiga mishale wa Bunyoro hawakuwalenga tena askari waliokuwa mbele yao. Waliinua pinde wakalenga wingu. Kibuuka akajeruhiwa, akaanguka juu ya mti mkubwa pale Mbaale, akafa. Nakibinge naye alikufa vitani.

Baadaye watu walimfanya Kibuuka kuwa lubaale, yaani mungu wa jadi, wa vita. Masalio yake yalichukuliwa hadi Cambridge, Uingereza, yakarudishwa Kampala mwaka 1962 na kuwekwa Jumba la Makumbusho la Uganda. Nayasema haya wazi kwa sababu mzazi fulani atakuuliza kwa nini unataja lubaale kanisani. Mjibu kwamba mnaisoma kama simulizi la watu wetu, kama Paulo alivyosoma madhabahu za Athene, na hakuna anayeitwa kumwabudu. Ukijificha, utashukiwa. Ukilisema mapema, hata kwa barua fupi kwa wazazi wiki moja kabla, watakuelewa.

Sasa mkifungue kitabu cha Waamuzi, sura ya 16. Watoto wataona wenyewe kabla hujawaambia: shujaa mwenye nguvu, siri moja, mwanamke wa upande wa adui. Waache wafurahie kugundua. Kisha wapeleke penye tofauti. Wakuu wa Wafilisti walimwahidi Delila fedha elfu moja na mia moja kila mmoja wao. Siri ya Samsoni ilikuwa na bei. Mara tatu alidanganya, mara ya nne akasema kweli, na vishungi saba vya nywele vikanyolewa akiwa amelala. Mstari wa 20 usomeni polepole, mara mbili. Samsoni aliamka akasema atatoka kama siku nyingine, naye hakujua ya kuwa BWANA amemwacha. Hakusikia maumivu wala upungufu wowote. Vijana wa miaka kumi na tano wanaielewa sana sehemu hiyo, hata kuliko sisi. Halafu mstari wa 22, mstari mfupi kabisa: nywele za kichwa chake zikaanza kukua tena. Kibuuka alipoanguka juu ya mti, hadithi yake iliishia pale. Kwa Samsoni, ndani ya gereza, macho yametobolewa, rehema inaanza kuota kichwani pake bila yeye kuiona.

Na bado Samsoni hatoshi. Mstari wa 30 unasema aliowaua wakati wa kufa kwake walikuwa wengi kuliko aliowaua wakati wa uhai wake. Mwulize mtoto: gharama ilimwangukia nani? Atasema, Samsoni na Wafilisti. Sasa mwulize kuhusu Yesu: alipokufa, wangapi walikufa pamoja naye kwa mkono wake? Hakuna hata mmoja. Mnyang'anyi aliyekuwa kando yake aliahidiwa Peponi. Mkiisha kufika hapo, nyamaza kidogo. Usiharakishe kueleza.

Nimekaa sana kwa Kibuuka kwa sababu somo la kwanza likifanyika vizuri, watoto wanajifunza mwendo: hadithi, swali la gharama, Maandiko, tofauti. Baada ya hapo wataufuata mwendo huo wenyewe kwa shujaa yeyote.

Sasa tuzungumze maandalizi, maana hapa ndipo masomo mengi huharibika.

Mwalimu atazame filamu ileile waliyoiona watoto, kwa tafsiri ileile. VJ hatafsiri neno kwa neno. Anaongeza maneno yake, anampa adui jina la mtaani, pengine anafunika kwa utani sentensi ambayo wewe ulitaka kuijengea somo. Ukijiandaa kwa filamu ya Kiingereza na darasa limeona ya VJ, mnazungumzia filamu mbili, na watoto wataona kwamba hujui kitu. Tazama mara mbili. Mara ya kwanza tazama kama mtu wa kawaida. Mara ya pili shika daftari na uandike majibu ya maswali matatu: nguvu ilitoka wapi, aliitumia kwa ajili ya nani, gharama ilimwangukia nani. Kisha chagua tukio moja tu. Ukichagua matukio matatu, saa itaisha kabla ya Biblia kufunguliwa.

Kuhusu kuonyesha filamu yenyewe darasani, ushauri wangu ni usionyeshe. Simulia. Kwanza, filamu ina mwenyewe, na nakala nyingi zinazozunguka mitaani hazikulipiwa. Hatuwezi kufundisha "Usiibe" kwa nakala ya wizi. Pili, umeme hukatika, na ukikatika katikati ya tukio hilo moja, somo limekwisha. Tatu, picha hula muda: dakika sita za filamu huwaacha watoto wakitaka sita nyingine, na Luka hana nafasi tena. Ukisimulia kwa dakika kumi, kwa sauti iliyopanda na kushuka, macho yao yako kwako, na hayahami ukifungua Biblia. Kama una nakala halali na kifaa chenye betri, sawa, lakini isizidi dakika sita, na iwe baada ya watoto kusimulia wao kwanza.

Saa moja igawanywe hivi. Dakika kumi za kwanza ni za watoto: mmoja asimulie, wengine wasahihishe. Usiingilie hata wakikosea, kwa maana kile mtoto anachokiacha na kile anachokikazia ndicho kitakachokuonyesha moyo wake. Dakika kumi zinazofuata ni za tukio lako moja. Kumi na tano za kusoma Maandiko, na watoto ndio wasome, si wewe. Kumi na tano za maswali. Kumi za kuigiza na kuomba. Kundi lisizidi watoto kumi na watano kwa mwalimu mmoja. Wakizidi, wenye sauti kubwa ndio watakaojibu kila swali, na yule aliye na neno zito atanyamaza.

Katika kuigiza, lesu, yaani kanga, huwa joho la shujaa, na hilo ni jambo zuri. Lakini lisifungwe fundo shingoni. Likinaswa kwenye msumari au mwenzake akilivuta, linakaba. Bana pembe mbili kwenye mabega ya shati kwa vibanio vya kuanikia nguo, ili likivutwa liachie. Na watoto walio chini ya miaka saba waambiwe wazi, kila mara, kwamba mtu wa filamu haruki: amefungwa kamba, na kamba imefutwa kwenye picha. Mtoto wa umri huo bado hajaitenga hadithi na ukuta wa veranda.

Turudi kwenye mashujaa. Spider-Man nitampa nafasi, kwa sababu anapendwa na ana jeraha. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1962, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko. Peter Parker ni kijana yatima anayelelewa na mjomba na shangazi. Anaumwa na buibui mwenye mionzi, anapata nguvu, na jambo la kwanza anapata fedha na umaarufu kwa maonyesho. Siku moja mwizi anapita mbio karibu naye kabisa. Polisi anapaza sauti amzuie. Ingetosha kunyoosha mguu tu. Hakuunyoosha; akasema si kazi yake. Baadaye mjomba Ben anauawa nyumbani, na Peter anapomkamata muuaji na kuuona uso wake chini ya taa, anakuta ni yule mwizi aliyempisha.

Watu wengi wanajua ule usemi kwamba nguvu nyingi huja na wajibu mkubwa, na wanadhani ni maneno ya mjomba. Katika hadithi ile ya 1962 ni maneno ya msimulizi, mwishoni kabisa, baada ya mjomba kufa. Mwalimu ataliunganisha upesi na Luka 12:48, "Na kila aliyepewa vingi, kwake huyo vitatakwa vingi." Ni sahihi. Lakini ukiishia hapo umefanya kosa ambalo sitaki mlifanye, kwa sababu darasani kwako huenda yupo mtoto aliyemzika mama au baba. Mtoto aliyefiwa hujiuliza usiku kama ni kosa lake: kama angekimbia dukani haraka, kama angemwita jirani. Ukimfundisha tu kwamba Ben alikufa kwa sababu Peter hakutenda, umemthibitishia hofu yake. Ndiyo sababu nasema tukio moja lichaguliwe na lipimwe kwanza, na swali liende hadi mwisho wake.

Peter Parker analipaje? Analipa kila usiku, na deni haliishi. Hakuna anayemwambia "umesamehewa". Sasa chukueni mtu wa jina lilelile, Petro mwana wa Yohana. Naye alikuwa na nafasi ya kusema neno moja na hakulisema. Yohana 18:18 inasema watumishi walikuwa wamewasha moto wa makaa kwa sababu ya baridi, na Petro alisimama akiota moto. Hapo ndipo alipomkana Bwana. Geuzeni hadi sura ya 21. Asubuhi, ufuoni, wanafunzi wanashuka kutoka mashuani, na kuna nini pale chini? Moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Nyinyi mnaotoka Ggaba au kwenye mialo mingine ya ziwa mnajua harufu hiyo bila kuelezwa. Petro pia aliijua harufu ya makaa, na alijua mara ya mwisho aliinusa wapi. Yesu hakumpa orodha ya usiku wa kulipa. Alimwambia kwanza, njooni mfungue kinywa. Akamlisha. Halafu akamwuliza mara tatu kama anampenda, na kila mara akampa kondoo wa kuchunga. Wajibu wa Petro ulikuja baada ya kulishwa. Parker anabeba wajibu ili deni limwache, na halimwachi. Mtoto aliyefiwa mpeleke kwenye moto huu wa pili, umwache akae hapo.

Captain America ni wa mwaka 1941, lakini tukio ninalolitaka liko kwenye filamu ya 2011. Steve Rogers ni kuruti mwembamba, mgonjwa, wa mwisho katika kila mbio. Kambini, ofisa anarusha bomu la mkono katikati ya mazoezi. Makuruti wenye misuli wanatawanyika. Rogers analirukia, analala juu yake kwa tumbo, anajikunja, anawapungia wenzake mkono wasogee mbali. Bomu halikuwa na baruti, lakini yeye hakujua. Na wakati huo hakuwa na nguvu zozote. Dawa ya kumfanya shujaa alidungwa baadaye. Muulizeni mtoto: alikuwa shujaa kabla ya dawa au baada ya dawa? Waacheni wabishane. Halafu 1 Samweli 16:7, ambapo Samweli anawapita wana saba wa Yese warefu na wazuri: wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo. Mtoto anayetembea kwa mkongojo, au yule anayechaguliwa wa mwisho kwenye mpira, ndiye apewe kusoma mstari huo kwa sauti.

Black Panther watoto wanampenda kwa sababu uso ni wetu. Na kuna mmoja wetu humo kweli: Florence Kasumba, mmoja wa walinzi wa kike wa mfalme, alizaliwa hapa Kampala. Somo lake ni zito na linafaa wakubwa, kuanzia miaka kumi na mitatu. Mfalme wa zamani alimwua ndugu yake na kumwacha mtoto wa marehemu ugenini, na miaka mingi baadaye gharama inamwangukia mwana ambaye hakufanya kosa. Soma Ezekieli 18, juu ya baba waliokula zabibu kali na meno ya watoto yakaingia ganzi. T'Challa, mfalme mpya ambaye ndiye Black Panther, anasimama mbele ya wazee waliokufa na kuwaambia mlikosea. Hapo simama mwalimu, maana kuna kuongea na wafu, na kwa mtoto wa hapa kwetu hilo si mchezo wa filamu tu. Sema waziwazi kwamba Mkristo haombi mashauri kwa wafu, soma Kumbukumbu la Torati 18:10-12, kisha endelea. Usiruke kana kwamba hukuona. Vivyo hivyo Thor: jina lake ni la mungu wa kale wa watu wa kaskazini mwa Ulaya, na watoto wana haki ya kuambiwa. Wale mashujaa ambao nguvu zao ni uganga mtupu, mimi ningewaacha kabisa kwa madarasa ya chini.

Superman nimemweka mbali kwa makusudi, ingawa ndiye wa kwanza, mwaka 1938, kazi ya vijana wawili Wayahudi wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster. Ndiye anayefanana na Biblia kwa juujuu kuliko wote. Mtoto mchanga anawekwa chomboni ili aokoke, kama Musa. Jina lake la nyumbani, Kal-El, lina silabi ileile iliyomo katika Israeli na Samweli. Katika filamu ya 1978 baba yake anasema anampeleka mwana wake wa pekee. Walimu wakiyaona hayo hufurahi wakadhani kazi imekwisha. Mfanano wa namna hii ni mwepesi, watunzi waliuweka wenyewe, na haumfundishi mtoto lolote kuhusu toba. Nendeni kwenye tofauti. Superman anaposhindwa, ni kwa sababu jiwe la kryptonite limemnyang'anya nguvu. Yesu hakunyang'anywa. Filipi 2 inasema alijifanya hana utukufu. Bustanini anamwambia Petro arudishe upanga, kwamba angeweza kuomba na kupewa zaidi ya majeshi kumi na mawili ya malaika. Jeshi moja la Kirumi lilikuwa na askari kama elfu tano hadi sita. Watoto wapige hesabu, wanapenda hesabu za namna hii. Nguvu zote hizo zilikuwepo Ijumaa ile, na hazikuitwa. "Aliokoa wengine, hawezi kujiokoa mwenyewe," walimdhihaki. Angejiokoa, wengine wasingeokoka.

Na kuna swali litakalokuja, mjiandae. Mtoto atauliza: "Kama Yesu ana nguvu kuliko Superman, mbona hakuja Mama alipokuwa hospitali?" Usimjibu kwa haraka, na usimwambie kwamba imani ilikuwa ndogo. Tafadhali, hilo msiliseme kamwe kwa mtoto. Mwambie ni swali zuri na kwamba Biblia inalijua. Msomee Danieli 3. Wale vijana watatu mbele ya tanuru wanasema Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu wanasema maneno matano ambayo hakuna shujaa wa filamu ayasemaye: "Bali kama si hivyo, ujue." Hata asipotuokoa, hatutaisujudia sanamu. Wale watatu walitoka motoni bila hata harufu ya moshi.

Wa kwetu hawakutoka. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, pale Namugongo, vijana wa jumba la Kabaka Mwanga walifungwa ndani ya matete na kuchomwa, Wakatoliki na Waanglikana motoni pamoja. Kizito alikuwa na umri wa miaka kama kumi na minne, sawa na hao mnaowafundisha. Charles Lwanga alichomwa peke yake, taratibu, kuanzia miguuni. Mbaaga Tuzinde alikuwa wa nyumba ya mkuu wa wauaji, Mukajanga, ambaye alimsihi akane, au akubali afichwe, akakataa. Hesabu ya mashahidi wanaokumbukwa wa miaka ile ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Hakuna aliyeshuka kutoka mawinguni. Na watoto waulizwe swali lao lilelile, gharama ilimwangukia nani, kisha waulizwe: waliopata uhai kwa gharama ile ni akina nani? Wapeni muda wa kutazamana humo darasani.

Somo hili la Namugongo ndilo la mwisho, na masomo yote yapangwe kwa kuhesabu kutoka hapo kurudi nyuma. Yako sita: Kibuuka na Samsoni, Spider-Man na Petro, kuruti na wana wa Yese, Black Panther na Ezekieli (kwa madarasa ya chini badilisheni hili muweke Daudi na Goliathi), Superman na msalaba, Namugongo na tanuru. Mkianza Jumapili ya mwisho ya Aprili, somo la sita litaangukia kati ya 29 Mei na 4 Juni kila mwaka, wakati mahujaji wanaotembea kwa miguu wako barabarani au wanarudi. Panapowezekana, darasa hilo lifanyieni nje, kando ya barabara wanayopita, na muwe na madumu ya maji na vikombe, ili watoto wawanyweshe.